Siku Babu Yako Alipotaka Jua Lirudishwe

Mwanangu Danieli,

Salamu nitaziruka, kwa sababu uko chumba cha pili na ninakusikia unavyopiga miluzi huku unafunga na kufungua sanduku lako. Uzima wako ninaujua. Na wangu umeuona mwenyewe leo wakati wa chakula: nilikuwa mzima na nilikuwa nimenuna, na wewe ukadhani nimenuna kwa sababu mlenda umeungua. Mlenda haukuniudhi. Umeniudhi wewe, jana, na kwa kuwa kila nikianza kukueleza kwa mdomo baba yako anadakia na kuanza kusimulia yeye, nimeamua kuandika. Karatasi haidakiwi.

Sitakuandikia habari za kufua mashati, wala kuchemsha maji, wala kujihadhari na watu wa Dar es Salaam wenye maneno matamu. Shangazi yako amekuimbia hayo tangu mavuno na sijaona hata neno moja lililokuingia. Nina jambo moja tu la kukueleza, ukishalisikia nenda ukajifunze kupima nchi za watu.

Jana watu walikuja kukuaga. Walikuja kwa heri, wakaleta kuku, wakaleta karanga. Na wewe, ukiwa na kikombe cha togwa mkononi, ukasimama katikati ya uwanja kuwachekesha. Ukapinda shingo, ukafumba jicho la kulia, ukatembea kama kuku anayetafuta punje, ukasema kwa sauti ya babu yako, baba yangu mimi: "Rudisha jua! Rudisha jua mahali pake!" Watu wakacheka mpaka mwalimu wenu akajimwagia togwa. Baba yako alicheka kuliko wote, akakusahihisha hata jinsi ya kushika fimbo. Na babu yako alikuwa amekaa palepale karibu na mlango. Akamaliza kikombe chake, akakiweka chini taratibu, akasema anaondoka kabla jua halijawa kali.

Ilikuwa jioni, Danieli. Kuku walikuwa wanaingia bandani. Jua kali gani?

Halafu ukaja kuniuliza jikoni, "Mama, babu amechoka?" Nilikuwa nimeshika mwiko. Mshukuru Mungu nilikuwa nimeshika pia sufuria.

Hadithi uliyoisimulia ni ya baba yako. Ameisimulia katika kila harusi kuanzia Sepuka hadi Mitundu, na kila mwaka anaipunguzia ukweli na kuitia chumvi, hata siku hizi babu yako ndani yake anakimbia akipiga mayowe na kuacha viatu. Hakukimbia. Hakuwa na viatu. Mimi nilikuwepo, na nitakueleza ilivyokuwa.

Ilikuwa kabla ya ile vita kubwa ya pili. Nilikuwa msichana nyumbani kwetu Mwankoko. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni miaka michache, najua kusoma, kuhesabu na kugombana. Akaja Mwingereza mmoja na mahema yake na wapagazi wake, akapiga kambi juu ya kwetu, pale penye mawe makubwa. Alikuwa anachora ramani ya nchi yetu mpaka Iramba. Miongoni mwa wapagazi alikuwemo baba yako. Wenzake walibeba mahema, unga na vitanda. Yeye kazi yake yote ilikuwa kubeba kijisanduku kimoja cha mbao, na kwa ajili hiyo alitembea kama amebeba mfalme.

Ndani ya kijisanduku kulikuwa na chombo cha shaba. Huko unakokwenda nadhani utakutana nacho, au na ndugu zake wa siku hizi. Yule bwana alikiita sekstanti. Sisi tulikiita kioo cha jua. Kina umbo la kipande cha chapati kilichokatwa, ukingoni kina mistari midogomidogo, kina darubini fupi, vioo viwili, na mkono wa shaba unaosogea juu ya ile mistari. Mabaharia wanakitumia kupima jua limepanda kiasi gani kutoka ukingo wa bahari. Sasa Mwankoko hakuna bahari. Kwa hiyo yule bwana alikuwa anamimina zebaki kwenye kisinia, anaifunika kwa kibanda cha kioo ili upepo usiitikise, na jua linaonekana mle ndani limetulia kama kiini cha yai. Anatazama kwa darubini, anasogeza ule mkono, na jua la juu linaonekana likishuka polepole kwenye vioo mpaka linagusana na lile la kwenye sinia. Hapo anapiga kelele, karani wake anatazama saa, na kazi imekwisha. Amejua yuko wapi duniani. Mimi nilijua niko wapi bila tabu yote hiyo. Nilikuwa Mwankoko.

Adhuhuri hakupima, kwa sababu jua la kwetu linakuwa juu mno kwa vioo vile. Alipima asubuhi likipanda, na alasiri likishuka.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa napeleka maziwa kambini, na baba yako alinionyesha wakati bwana wake amelala baada ya chakula. Ndivyo alivyonichumbia. Vijana wengine walileta asali.

Yule bwana alikosea jambo moja: alikuja wakati watu wamekwisha panda uwele na mtama, wanasubiri mvua. Kila mawingu yalipojikusanya, alitoka hemani akashika kiuno, akayafokea kwa lugha yake, akatupa kofia chini. Tukamwita Bwana Mawingu. Na baba yako, ambaye mdomo wake haujawahi kupata mlango, alipoulizwa kilabuni bwana wake anakasirikia nini, akajibu, "Anachukia mawingu. Mawingu yakija kazi yetu imeharibika. Sisi tunataka mbingu nyeupe."

Aliyasema hayo mbele ya watu ambao mbegu zao zilikuwa zinakauka ardhini. Nimeishi naye miaka yote hii na bado sijui alikuwa anafikiri nini. Nadhani hakuwa anafikiri.

Basi watu wakafanya hesabu. Huyu mtu anachukia mawingu. Ana chuma kinachoshusha jua. Analiweka jua kwenye sinia, kila siku, asubuhi na alasiri. Na kila siku mawingu yanakuja na kuondoka bila kutoa tone. Usicheke, Danieli. Wewe uliyesoma kuliko sote, niambie, kama ungekuwa hujui kioo kinafanyaje kazi, ungepata jibu gani lingine? Hesabu yao ilikosea mahali pamoja tu. Ilihitaji mtu wa kuwaonyesha mahali hapo kwa utaratibu. Badala yake nikaenda mimi.

Lakini kwanza nikwambie habari za babu yako. Kwa mambo ya mvua watu walimtazama yeye, kama walivyomtazama baba yake kabla yake. Yeye ndiye aliyesema tupande lini. Usidhani alikuwa mzee mpole wa kutoa busara. Alikuwa mkali kama siafu, na bado yuko hivyo. Baba yako alikuwa amekwisha kuja kuniposa mara mbili. Mara ya kwanza babu yako alimwambia hana ng'ombe. Mara ya pili alimwambia ng'ombe anao, ila akili hana.

Sasa wakaja wanaume nyumbani wakamwambia, "Mzee Mughwai, mbona umenyamaza? Au kwa sababu mbeba sanduku atakuwa mkweo?"

Ilimuuma sana ile. Akawaonyesha mlango. Wakaondoka, na vijana nyuma yao wakaondoka na marungu.

Nilipoona wanapanda kuelekea kambini nikakimbia njia ya mkato, nikawatangulia. Ilikuwa alasiri, Bwana Mawingu anapima, baba yako ameshika mwavuli kumkinga. Nikapanda juu ya jiwe ili wote wanione. Nikawaambia jua liko mbali kuliko wanavyoweza kuhesabu. Nikawaambia chuma kile hakiwezi kulivuta hata kwa unywele. Hayo yalikuwa kweli. Nikaongeza kwamba ni wajinga, kwamba hawajasoma, kwamba wanatia aibu. Nikasema na mambo mengine ambayo siyaandiki.

Kijana mmoja wa jirani yetu, aliitwa Ntandu, hakuwa mtu wa fujo hata kidogo, akaniambia, "Marta, mama yangu amepanda mara mbili. Mbegu zimekwisha. Wewe uliyesoma, tule nini?"

Sikuwa na jibu. Na kwa kuwa sikuwa na jibu, nikarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi.

Nimefanya hivyo mara nyingi maishani mwangu, mwanangu. Nimefanya hivyo kwa bwana shamba, kwa mwalimu wako, kwa wifi zangu, kwa baba yako kila wiki. Nikiwa na haki ndiyo kwanza nakuwa mbaya, kwa sababu nikiwa na haki naona kama nimepewa ruhusa. Sijui kama nimewahi kumbadilisha hata mtu mmoja kwa njia hiyo. Siku ile niliwabadilisha, ndiyo: walikuwa wamekuja kuuliza kwa ukali, nikawafanya watake kupiga.

Jiwe likarushwa. Sijui na nani. Likavunja kile kibanda cha kioo, sinia likapinduka, na zebaki ikamwagika chini ikakimbia huku na huku kama vidudu vyenye uhai, kila tone na jua lake dogo ndani. Mwanamke mmoja akapiga yowe, "Wamelimwaga jua!" Wengine wakaanza kulia. Bwana Mawingu akampa baba yako kile chombo, akaingia hemani, akatoka na bunduki.

Alikuwa kijana, Danieli. Hakukuzidi wewe kwa miaka mingi. Bunduki aliielekeza mara kwa huyu mara kwa yule, na mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa kuliko aliyetulia nayo.

Hapo ndipo babu yako alipofika. Baba yako anasema alikuja mbio. Alikuja polepole mpaka nilitaka kumsukuma. Alipita katikati ya vijana, akapita mbele ya bunduki kama anavyopita mbele ya mbuzi, akasimama mbele ya baba yako.

"Mwambie bwana wako nataka kutazama."

Baba yako akatafsiri kwa kile Kiswahili chao cha kambini. Bwana Mawingu akakubali kwa kichwa. Sinia halikuwa na zebaki tena, lakini chombo kile unaweza pia kukielekeza mbali, kwenye ukingo wa nchi au kwenye kitu chochote kilicho chini ya jua, na jua likaonekana linashukia hapo. Nyumba yetu ya tembe ilikuwa chini upande wa magharibi. Baba yako akakielekeza huko, akamwekea babu yako darubini kwenye jicho la kulia.

Babu yako akatazama. "Hiki chekundu ni nini?"

"Ni jua, mzee."

"Jua haliko hivi. Mmeweka taa humu ndani."

"Hapana mzee, kuna kioo cheusi kinachopunguza ukali."

"Kiondoe."

"Mzee, jicho litaharibika."

"Hawa wataniuliza nimeona jua au nimeona kioo. Nitawajibu nini? Kiondoe."

Baba yako akakataa. Hilo mhesabie, ni jambo la maana alilofanya siku ile. Lakini babu yako alikuwa amekwisha kuona vile vioo vyeusi vinavyokunjwa, akavikunja mwenyewe kwa kidole. Bwana Mawingu akapaza sauti, "Hapana! Hapana!" Babu yako hakugeuka. Akatazama. Alitazama kwa muda unaotosha mtu kumwamkia mkubwa wake na kujibiwa, na kwa mkono mwingine akausogeza ule mkono wa shaba, taratibu, mpaka alipotosheka.

Akakitoa chombo usoni. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelowa machozi.

Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimeliona. Ni jua lenyewe. Limeshushwa mpaka juu ya paa la nyumba yangu."

Watu wakanguruma. Bwana Mawingu akainua bunduki. Nikafikiri, baba yangu ametuua.

Kisha akamgeukia baba yako akamwambia, "Sasa lirudishe. Rudisha jua mahali pake."

Baba yako akabaki kinywa wazi. "Lakini mzee, jua liko palepale..."

Sehemu inayofuata huisikii harusini. Babu yako akamsogelea, na mimi nilikuwa karibu nikasikia, akamnong'oneza kwa Kinyaturu, akimwita kwa jina lake, "Hango, kama unamtaka binti yangu, sogeza mkono wa hicho chuma na ufunge mdomo."

Baba yako akausogeza. Babu yako akatazama tena, safari hii kwa jicho la kushoto na vioo vyeusi vikiwa mahali pake, akachukua muda wake. Halafu akawageukia watu. "Limerudi. Tangu leo, kila wakimaliza kazi yao nitasimama hapa nihakikishe wamelirudisha. Sasa nendeni, ng'ombe hawajafungwa."

Wakaenda. Ntandu akaenda, na yule mwanamke aliyepiga yowe akaenda akijifuta uso. Hakuna aliyeambiwa amekosea, hakuna aliyeshindwa. Walikuwa wameleta shauri lao, shauri limesikilizwa, limekwisha. Bwana Mawingu akaketi juu ya kiti chake cha turubai akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, akamwambia karani wake, "Mzee anataka jua lirudishwe!" Baba yako akacheka naye. Hapo ndipo hadithi yao ilipozaliwa.

Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Nikamkuta babu yako amekaa ndani gizani na mkono juu ya jicho. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha kwa maziwa ya baridi, nikamkanda, na nilimkanda kwa hasira.

Nikamwambia, "Baba, kweli unaamini lile jua lilishuka?"

Akanijibu, "Mtoto wewe. Kabla sijatazama juu nilitazama chini. Kivuli changu kilikuwa kimegusa lile jiwe ulilopanda kutukania watu. Nililishusha jua mpaka juu ya paa langu. Nilipomaliza, kivuli kilikuwa bado kinagusa jiwe. Jua likishuka kweli, vivuli hurefuka."

"Sasa kwa nini hukuwaambia hivyo?"

"Wewe uliwaambia. Ikawaje?"

Nikakilowesha kitambaa upya, nikaendelea kumkanda.

Akaendelea, kwa ule ukali wake, "Mimi nimeona nyumba zikichomwa wakati wa Mjerumani. Kijiji kizima, kwa ajili ya askari mmoja aliyepigwa. Nilikuwa mdogo, nilibebwa mgongoni, naukumbuka ule moshi mpaka leo. Ile bunduki ingelia leo, au lile rungu lingempata yule mtoto wa Kizungu, kesho wangekuja wengine. Hapo nani angejali jua liko wapi?"

"Lakini umewadanganya."

"Neno gani la uongo? Nilisema nimeliona jua, nimeliona. Nilisema limeshushwa, na machoni pangu lilishuka. Nikasema lirudishwe, likarudishwa. Na wewe usiende kuwaeleza vijana hesabu zako. Waache walale."

Jicho halikupona. Halikuwa kipofu kabisa. Alinieleza kwamba katikati ya kila anachokitazama kwa jicho lile kuna doa jeusi, anaona pembeni tu. Akikutazama wewe usoni, anaona masikio. Ndiyo maana anapinda shingo, Danieli. Ndiyo maana anatembea vile. Kile ulichowaigizia watu jana ili wacheke, na ukakiigiza vizuri, sikunyimi hilo, ndicho alicholipa ili mimi, baba yako na Ntandu tusipigwe risasi pale juu kwenye mawe. Na wewe usingekuwepo wa kupiga miluzi.

Alisimama pale kila alasiri mpaka kambi ilipohamia Iramba. Bwana Mawingu alimwekea kiti, hakukikalia. Mvua ilikuja imechelewa, ikanyesha kidogo, na mwaka ule tulikula vibaya sisi sote. Wapo walionung'unika kwamba jua halikurudishwa barabara. Wapo waliomlaumu babu yako, na yeye akawajibu vibaya, kama kawaida yake. Na usidhani alimpa baba yako ahadi yake upesi. Alimzungusha mpaka mavuno ya mwaka uliofuata, akisema alimwambia asogeze mkono na afunge mdomo, na amefanya moja tu.

Utaniuliza kwa nini hukuyasikia haya kutoka kwangu. Nimekuwa nikijiuliza tangu jana. Aliniambia ninyamaze, nikanyamaza, na ilikuwa sawa wakati ule. Lakini vijana wale wamekuwa wazee, Ntandu ana wajukuu, na mimi bado nimenyamaza, kwa mazoea tu, wakati hadithi ya baba yako inatembea na kunenepa. Mtu kama mimi, ninayepiga kelele kwa kila kitu, nikanyamazia kitu kimoja kilichotaka kusemwa. Nilimweleza baba yako zamani, tulipokuwa tumeoana karibuni. Alisikiliza vizuri, akafikiri, akasema, "Lakini ukisimulia hivyo watu hawacheki." Ukioa utaelewa kwa nini sikumjibu.

Sasa unakwenda kujifunza kupima. Utarudi na vyombo, utasimama katika shamba la mtu na kutazama kwenye darubini, na watu watakuja kuuliza unafanya nini. Baadhi yao watauliza kwa ukali, na baadhi yao watakuwa na hesabu iliyokosea. Sitakwambia ufanye nini, maana mimi mwenyewe sijaweza. Ila wakikuuliza kitu ambacho huna jibu lake, kama Ntandu alivyoniuliza mimi, usipandishe sauti. Waambie huna. Naamini lile peke yake lingetosha siku ile. Naamini hata jiwe lisingerushwa.

Asubuhi ya leo nilikwenda Mwankoko. Ulidhani nimekwenda sokoni. Nikamkuta babu yako anaziba tundu kwenye ua wa zizi kwa matawi ya miiba, na kwa kuwa haoni vizuri vidole vilikuwa na damu. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Nikaanza kumwomba radhi kwa ajili yako.

"Mwanao ni mpumbavu kama baba yake," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Lakini sauti yangu ameipata."

"Ameipata, baba."

Akaziba tundu lingine. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Lori la kwenda Itigi linapita hapa asubuhi?"

Nikamwambia linapita, na wewe utakuwamo.

"Ugoro wangu umekwisha," akasema. Basi. Nami nimekuwa binti yake muda wa kutosha kujua amesema nini.

Ugoro wa kumpelekea nimekununulia, uko juu ya sanduku lako. Dereva nimeshamwambia asimame pale penye njia ya kwetu, amelalamika, nimemlalamikia zaidi, amekubali. Utashuka. Utavua kofia, utasema shikamoo, na utasubiri aitikie hata akichelewa makusudi, kwa sababu atachelewa makusudi. Usimwombe radhi kwa maneno mengi, hayapendi. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Usilie, atakufukuza.

Lakini atataka kukutazama, maana hajui kama atakuwepo ukirudi, na mimi pia sijui. Basi usisimame popote tu. Kaa upande wake wa kushoto, karibu, na usigeukegeuke, mpaka atakapokwambia lori linakusubiri.

Mama yako,
Marta